Niligawa Dawa ya Butoyi kwa Pacha Wake

Nimekosa. Nalisema hapa mwanzoni kabisa ili usije ukanihurumia katikati ya maneno yangu ukasahau nilichofanya. Mwanangu alipata kansa, na mkono uliomfikisha huko ni huu ninaouandikia.

Jina langu silitaji. Si kwamba naogopa! Pale sokoni Kasulu wanaonijua wote wanaijua habari hii, wameshaisema mpaka midomo imewakauka. Silitaji kwa sababu jina langu lina watoto nyuma yake. Wanangu ni mapacha, wasichana, Bukuru na Butoyi. Kwetu Buha pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, kwa hiyo hata ukija kutuulizia kwa majina hayo utazunguka wilaya nzima na utachoka.

Mimi nauza mawese na dagaa. Mume wangu ni fundi wa kujenga, leo yuko Kigoma mjini, kesho Uvinza, anarudi akipata nafasi. Nilipokuwa na mimba ya mapacha tulipimwa wote wawili kliniki, tukakutwa na virusi vya UKIMWI. Tukaanza dawa. Lakini uchungu ulinishika ghafla, nikajifungulia nyumbani, mambo yakaenda ovyo, na watoto walipokuja kupimwa, Bukuru alikuwa salama na Butoyi alikuwa navyo. Tumbo moja, siku moja, titi moja! Nesi akaniambia hutokea. Nilimtazama nikadhani ananitania.

Dawa zetu na za Butoyi tulizichukulia Kibondo, siyo Kasulu tunakokaa. Usicheke. Pale Kibondo nimekutana na watu wengi wa Kasulu, na nimesikia wa Kibondo nao wanakuja kwetu. Tunapishana njiani kwenye mabasi, kila mtu anamkimbia jirani yake, na jirani yake ndiye aliyekaa kiti cha nyuma! Majirani nilikuwa nawaambia nakwenda kufuata asali. Na kweli nilikuwa narudi na asali, lita moja moja, ili uongo wangu uwe na ladha.

Tuliishi hivyo salama. Butoyi alikuwa mnene, mbishi, anampiga Bukuru kila siku. Vidonge vyake vilikuwa vile vya kuyeyusha kwenye maji. Kila asubuhi kabla ya shule nayeyusha kwenye kikombe, anakunywa, anakunja uso, anakimbia. Hakuna aliyeuliza kitu.

Halafu mama mkwe akahamia kwetu.

Alitoka kijijini kwao, upande wa Munanila, miguu ilikuwa inamsumbua na shamba limemshinda. Nisimseme vibaya. Ni mama mwenye kelele, lakini ni mwenye upendo, na kwa wale mapacha alikuwa kama mlinzi aliyeajiriwa na Mungu mwenyewe. Kwao mapacha si watoto wa kawaida. Ukimpa mmoja, umempa na mwenzake. Nguo moja, sahani moja. Ukimchapa mmoja kwa kosa lake, na mwenzake anachapwa kidogo, asijione ametengwa! Ukinunua kandambili za mmoja tu umenunua matatizo.

Asubuhi ya kwanza tu aliniona na kikombe.

“Mama Bukuru, mwakeye. Huyu anakunywa nini?”

“Mwakeye mama. Ni vitamini.”

“Na huyu mwenzake?”

“Huyu ana damu ya kutosha.”

“Oya!” Akanyanyuka pale kwenye kigoda, na ile miguu yake mibovu. “Oya, hapana! Mapacha hawanyweshwi hivyo. Unampa mmoja, mwenzake anaangalia? Atakasirika, ataondoka. Unataka nimzike mjukuu wangu mimi?”

Nikajitia kucheka. Nikamwambia mama, hayo ya zamani. Jamani, nilikosea kusema hivyo! Alikaa siku nzima hajala. Jioni akawaambia majirani wawili kwamba mkaza mwanawe anabagua mapacha. Na wale majirani, nawajua, wangekuja kuchungulia ni vitamini gani hizo.

Nikampigia simu mume wangu. Akasema, “Fanya anavyotaka mama. Ila asijue. Mama akijua, ukoo wote umejua.”

Fanya anavyotaka mama! Maneno mepesi hayo, yalisemwa na mtu aliye juu ya jukwaa la kujengea huko Uvinza. Lakini sikumbebeshi yeye. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikaa mlangoni, ananiangalia. Niliyeyusha vidonge vya Butoyi mbele ya macho yake, nikaweka vikombe viwili sawa, nikamimina. Nusu huku, nusu kule. Bukuru akanywa. Butoyi akanywa. Bibi yao akapiga makofi akasema, “Ego, ndiyo hivyo, sasa una akili.” Na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua. Nilifurahi! Nilisikia siri yangu imekaa vizuri mahali pake.

Nilijua? Usiniulize kama nilijua. Nilijua! Nesi wa Kibondo alishanifundisha kwamba dawa hizi hazipunguzwi, kwamba ukizipunguza virusi vinazizoea na kuanza kuzidharau. Nilijua vilevile kwamba Bukuru ni mzima na dawa ya mgonjwa si chai. Bukuru alikuwa analalamika kichefuchefu, nampa kipande cha muwa namwambia nenda shule. Nilijiambia ni kwa muda tu, mama mkwe atarudi kwao. Hakurudi.

Butoyi alianza kupungua. Kwanza mashavu, halafu mikono. Nikamkatia gauni la sare ili lisionekane linampwaya, maana na Bukuru alivaa la kipimo hicho hicho na kwake lilikaa vizuri. Tulipokwenda Kibondo wakampima wingi wa virusi. Mara iliyofuata nesi aliniita pembeni. Alikuwa mama wa makamo, mpole.

“Mama, virusi vimepanda sana. Dawa anakunywa?”

“Kila siku.”

“Zote?”

“Zote.”

“Hakuna tatizo nyumbani? Mtu anakuzuia? Niambie tu, sitakugombeza.”

“Hakuna, dada.”

Alinishika mkono yule dada! Mlango uliokuwa wazi namna ile sijawahi kuuona tena, na mimi niliufunga kwa mguu. Akaniambia nirudi mapema, huenda watabadilisha dawa. Sikurudi mapema. Nilichelewa makusudi, kwa sababu niliona ananisoma usoni.

Ndipo yakaja madoa. La kwanza lilikuwa kwenye paja la kushoto, jeusi linaloelekea zambarau, limeinuka kidogo, haliwashi wala haliumi. Nikadhani amejigonga kwenye dawati. Likaja la pili, la tatu. Vikatoka vinundu kinenani na shingoni. Mguu wa kushoto ukaanza kuvimba, na haukuwa uvimbe wa kubonyea, ulikuwa mgumu kama ubao. Siku moja alipiga miayo nikaona na juu, kwenye kaakaa, kuna doa kama la mtoto aliyetoka kula zambarau. Nikamfunga mdomo kwa mkono wangu, eti asije akaonekana na bibi yake. Hebu fikiri! Mtoto anaumwa, mama anafunga mdomo wa mtoto!

Bibi aliona hata hivyo. Akasema kuna mtu amewatazama mapacha kwa jicho baya. Akachemsha majani, akamkanda Butoyi mguu, halafu, bila shaka, akamkanda na Bukuru mguu wake mzima. Bukuru alikaa ametulia, anakandwa, anamwangalia mwenzake anavyolia. Siwezi kuisahau sura yake.

Siku Butoyi alipokataa kukanyaga chini, nilimbeba. Nilimpeleka hospitali ya hapa hapa Kasulu, mbele ya watu, kwa sababu Kibondo nisingefika. Daktari alimfungua mdomo, akamgusa mguu, akaniuliza swali moja tu: “Ana maambukizi?” Nikasema ndiyo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akasema tunakwenda Mwanza. Hakuuliza nina nauli au sina, akaenda kutafuta gari.

Mwanza walimkata kinyama kidogo kwenye lile doa la paja wakakipeleka kupima. Jibu lilikuwa kansa. Wanaiita Kaposi. Daktari, kijana mmoja mrefu, alinieleza kwamba kansa hii inapata njia pale virusi vinapoishinda kinga ya mtoto. Akasema inatibika. Ila atapewa dripu za kemo, na zaidi ya yote, zile dawa za virusi lazima zifanye kazi, bila hivyo tunachota maji kwa kapu.

Halafu akakuna kichwa. “Hiki ndicho sikielewi, mama. Umeniambia anakunywa dawa vizuri. Mtoto anayekunywa vizuri hafiki hapa kirahisi. Nafikiria kitu kingine kabisa kimempata.”

Unaona? Uongo wangu ulikuwa unamtuma daktari njia nyingine! Mwanangu amelala pale na sindano mkononi, na mimi bado nimekaa juu ya ukweli wangu kama kuku juu ya mayai.

Wodini kitanda cha pili kulikuwa na mama Mkongo, aliyeletwa pamoja na mtoto wake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mtoto wake wa kiume alikuwa na uvimbe wa taya, aina nyingine ya kansa, na yeye pia alikuwa na virusi. Yule mama alikuwa anaongea! Kila mgeni akiingia anamweleza mambo yote, maladi ya mtoto, ndivyo alivyouita ugonjwa, dawa, kila kitu, kwa sauti ya juu kama anauza vitenge. Nikamwambia dada, punguza sauti, watu wanasikia. Aligeuka akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Yaya, basikie tu. Maladi haiko haya. Haya ni kuiba. Weye uliiba kitu ya nani?”

Aliuliza tu, anacheka. Halafu akaendelea kumlisha mwanawe uji.

Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za wodi nikalia mpaka kanga ikalowa. Kwa sababu nilikuwa nimeiba. Niliiba nusu ya dawa ya mwanangu, asubuhi kwa asubuhi, na mwizi nilikuwa namtafuta kwa majirani!

Nilifuta uso nikamfuata daktari. Nikamwambia yote nimesimama: mapacha, mama mkwe, vikombe viwili, nusu huku nusu kule. Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningeshukuru. Akasema, “Asante, mama. Sasa najua napigana na nini.” Akambadilishia Butoyi dawa za virusi siku hiyo hiyo. Akataka Bukuru naye apimwe, aangaliwe ini na damu. Bibi yake alimpeleka hospitali ya Kasulu, akidhani ni kupima damu tu, na majibu yakaja kwa simu: Bukuru alikuwa mzima, na alikuwa bado hana virusi. Hapo nililia tena, ila kilio kingine.

Tulikaa Mwanza muda mrefu. Kemo ni kitu kigumu, sitakudanganya. Butoyi alitapika, nywele zikatoka, akanichukia kabisa. Akawa anamuuliza daktari, “Bukuru naye anachomwa?” Akiambiwa hapana, anageukia ukutani. Lakini madoa yakaanza kufifia. Vinundu vikanywea. Siku aliyomnyang'anya mtoto wa yule Mkongo ndizi yake wakapigana vitandani, nilijua mwanangu amerudi.

Turudi Kasulu sasa. Nilipofika nyumbani nilikuta kikao kinanisubiri. Mashemeji wawili, mjomba wa mume wangu, mume wangu mwenyewe ambaye alitoka Uvinza mara hii bila kuitwa mara mbili, na mama mkwe kwenye kigoda chake. Shemeji mkubwa akafungua. Eti nimewabagua mapacha, nimemchukua mmoja Mwanza nikamwacha mwenzake, ndiyo maana mguu umegoma kupona. Eti kwetu kuna mkono wa mtu. Eti niseme nimetumwa na nani!

Nilimtazama mume wangu. Nilimpa nafasi, wallahi nilimpa. Alikuwa anachokonoa udongo mwekundu kwenye kiatu chake kwa kijiti, na kiatu chenyewe kilikuwa kimeshakwisha kusafishika.

Basi nikasimama. Sikukaa kama mshitakiwa, nikasimama!

“Hakuna aliyenituma,” nikasema. “Butoyi ana virusi vya UKIMWI. Alizaliwa navyo. Mimi ninavyo. Na huyu kijana wenu ninyi anavyo, tulipimwa siku moja, tunameza dawa pamoja. Mimi nilificha. Nikagawa dawa ya Butoyi nikampa Bukuru ili mama asiulize. Ndiyo maana kansa ikampata. Mkitaka mchawi, mimi hapa, na uchawi wangu ni woga. Sasa sina tena. Ulizeni mnachotaka, nimemaliza kuogopa!”

Mjomba alitafuta kofia yake na kofia ilikuwa kichwani.

Mume wangu akasema, “Mama, anachanganyikiwa, safari imemchosha.” Alisema hivyo! Alinikana mbele ya mwanangu aliyekuwa amelala mgongoni mwangu. Siku ya pili alirudi Uvinza na hadi ninapoandika haya hajaja, simu anapokea akitaka. Hiyo ni gharama yangu mojawapo, na nikuambie kitu, hiyo sikuililia.

Nilichokililia ni maneno ya mama mkwe.

Wale wanaume walipoondoka, alibaki pale kwenye kigoda. Nilijua ananifukuza. Nilishaanza kukusanya vyombo. Akaniita.

“Mama Bukuru. Ile haikuwa vitamini.”

“Haikuwa, mama.”

“Na mimi nikakukalia mlangoni.”

“Ndiyo, mama.”

Akatingisha kichwa muda mrefu. “Sasa wewe, mwenye shule yako. Kwa nini hukumwekea Bukuru maji?”

“Maji gani, mama?”

“Maji! Maji matupu! Mapacha wanataka vikombe viwili. Nani alikuambia ndani lazima viwe sawa? Kijijini mmoja akiugua tunampa dawa yake, mwenzake tunampa maji, wote wamekunywa, kwisha! Ungeniambia mtoto anaumwa ningekumiminia mimi mwenyewe. Imana weee, Mungu wangu, maji! Maji yako kisimani!”

Alilia yule mama. Na mimi nilikaa chini kwenye vumbi. Dawa iliyomharibikia mwanangu ingeokolewa na kikombe cha maji, na niliyekuwa namwogopa kuliko wote duniani ndiye aliyekuwa na jibu! Nilikuwa nimekaa nalo nyumba moja, nalipikia ugali na maharage kila siku. Lilitaka niseme neno moja tu.

Leo Butoyi ni mzima wa kansa. Tunarudi Mwanza kuangaliwa, na kila mara wanatuambia safi. Virusi vimelala. Lakini mguu wa kushoto umebaki mnene na mgumu, haukunjiki vizuri. Hauingii kwenye kiatu cha kulingana na cha mwenzake. Bukuru anakimbia, Butoyi anamfuata anachechemea na kumtukana. Nilitaka wawe sawa, na mimi ndiye niliyewatofautisha mpaka watakapozeeka. Hilo ndilo kosa langu. Nalikubali lote, sigawi na mtu.

Lakini msidhani nitainamisha kichwa! Juzi mama mmoja alikuja kwenye meza yangu sokoni, akashika chupa, akaiweka, akanuna, akaniuliza kwa pembeni kama mawese yangu “hayana shida.” Nikamwambia mawese yametoka kwenye michikichi, mama, hayajatoka kwenye damu yangu. Nunua au pisha wateja. Alinunua. Tena sikumpunguzia bei.

Dawa siku hizi nachukulia Kasulu, mlango wa mbele, asubuhi kweupe. Naonwa na ninaona. Wapo wanaoingia wamejifunga ushungi mpaka machoni, nawajua kwa viatu vyao, na siwacheki, kwa sababu ushungi ule nimeuvaa mimi. Ila wewe uliyevaa sasa hivi, unayesoma haya huku umeficha chupa ya dawa ya mtoto kwenye unga, nisikilize. Ukiona doa jeusi lisilouma, ukiona kinundu, taya limevimba, mguu umekuwa mgumu, kimbia hospitali na ukifika sema ukweli wote. Kansa hizi za watoto wetu zinatibika, mimi nimeona. Daktari aliyedanganywa anapiga hewa. Na ukweli ukikutoka, watu watasema, ndiyo, watasema sana! Wakichoka watakwenda kupika.

Kwangu kila asubuhi kuna vikombe viwili. Mama mkwe ndiye anayeshika, amenipokonya kazi hiyo na sibishani naye. Kimoja kina dawa, kimoja kina maji ya kisimani. Butoyi anakunywa chake anakunja uso. Bukuru naye anakunywa maji matupu, halafu anakunja uso vilevile, kwa nguvu zake zote, kana kwamba ni machungu, ili mwenzake asikunje peke yake.

Mpe mtoto wako dawa yake yote. Anayeuliza, mwambie. Asiyestahili kuambiwa, mpe maji.